Mkunga wa Ruaha apewe njia

Kanuni zetu za uvuvi zimetungwa kwa kumfikiria samaki anayetaga mwaka hadi mwaka. Mkunga si samaki wa namna hiyo. Hutaga mara moja tu maishani, hutaga baharini, kisha hufa. Kwa hiyo kila mkunga anayenaswa mtoni, mnene kwa mwembamba, ni samaki ambaye bado hajaacha kizazi. Ukimfungia njia ya kufika baharini, umekata ukoo wake bila hata kutupa ndoana.

Tunalisema hili tukiutazama Mto Ruaha Mkuu unapopita Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Wasafiri wa barabara ya Tanzam wanapajua hapo kwa joto, mibuyu na vitunguu. Mto wenyewe huvukwa kwa dakika moja, gari likijiandaa kupanda Kitonga au kushuka kwenda Mikumi. Lakini kipande hicho cha mto kimebanwa kotekote. Juu yake kuna ukuta wa Mtera. Chini yake kuna ukuta wa Kidatu. Chini zaidi, Ruaha ikishaungana na Rufiji, kuna ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere. Mkunga anayetoka baharini kuja Ruaha Mbuyuni ana kuta mbili za kupanda. Wa kwenda Usangu, juu ya Mtera, ana tatu. Akishakua, anatakiwa kurudi kwa njia hiyohiyo, na safari hii mbele yake kuna mitambo ya umeme.

Msimamo wetu ni mwepesi kuueleza. Mkunga hasimamiwi kwa kuhesabu wanaovuliwa; husimamiwa kwa kuhesabu wanaofanikiwa kurudi baharini. Mpaka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Wizara ya Maji na TANESCO wakubaliane kuhusu hesabu hiyo, hatuna usimamizi wa mkunga. Na kama hatuna, mfanyabiashara wa nje anaweza kuja kununua vifaranga vyake kwa kilo kabla sisi hatujajua tunauza nini.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Watu wa pwani wanamfahamu mkunga wa baharini, yule wa mapangoni mwenye meno makali. Wapo pia jamii ya Conger, wakubwa na wenye nguvu, wasio na magamba kabisa. Hao huzaliwa, hukua na kufa kwenye maji ya chumvi. Wa mtoni ni jamii nyingine, Anguilla, na mito ya Afrika Mashariki inayomwaga maji Bahari ya Hindi ina aina zake nne: mossambica, labiata, marmorata na bicolor. Marmorata anaweza kufikia urefu wa mita 2. Wanasayansi hawakuanza kuwaandika jana. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uingereza, Winifred Frost, alichapisha utafiti kuhusu mikunga wa mito ya Kenya.

Asichanganywe na kambale. Mkunga hana masharubu wala mapezi ya tumboni. Ana pezi moja refu linaloanzia mgongoni, likazunguka ncha ya mkia na kurudi chini ya tumbo bila kukatika. Magamba anayo, ila ni madogo mno na yamezama ndani ya ngozi, ndiyo maana wengi huapa kwamba hana. Utelezi wake unamponyoa mikononi mwa mvuvi asiyemwahi kwa mchanga au majivu. Damu yake mbichi ina sumu, na moto wa jikoni huiondoa. Mchuzi wake hauna neno.

Maisha yake yana safari mbili. Ya kwanza huanzia mashariki ya Madagaska, kwenye maji ya kina, ambako wataalamu wanaamini mikunga wetu hutaga. Mabuu yanayoanguliwa ni membamba kama jani na yanapitisha mwanga. Hayana nguvu ya kuogelea kwenda yanakotaka. Hubebwa na mkondo wa bahari unaovuka kuelekea magharibi, ukaipita Madagaska na kugonga pwani ya Afrika, tawi lake moja likageuka kaskazini kupita kwetu na kuendelea Kenya. Yakikaribia bara hubadilika umbo na kuwa vifaranga vyembamba vya kioo, ambavyo ukivitazama unaona uti wa mgongo na macho mawili meusi, basi. Vifaranga hivyo huingia midomo ya mito usiku, maji yakijaa. Vikionja maji baridi huanza kupata rangi na kupanda.

Hupanda kweli. Kifaranga cha urefu wa kidole kinaweza kupanda mwamba uliosimama wima, mradi uwe na unyevu na mparuzo kidogo. Hujibandika tumbo kwenye jiwe, hujinyonganyonga, hupumzika, hupanda tena. Ndivyo jamii hii ilivyovuka maporomoko ya mito ya Afrika tangu zamani na kufika juu ambako samaki wengine wa baharini hawafiki. Akishapata shimo lake chini ya jiwe au kwenye mizizi ya kingo, mkunga hutulia hapo mchana, usiku hutoka kula kaa wa mtoni, vyura na samaki wadogo. Hukaa hivyo miaka kumi, wengine kumi na tano, wengine ishirini na zaidi. Majike hukua wakubwa kuliko madume.

Safari ya pili huanza mwili ukiwa tayari. Tumbo la chakula husinyaa, macho hupanuka, ngozi ya chini huwa ya fedha. Hali tena. Husubiri usiku wa giza na mto uliofura, akaacha maji yamshushe. Kutoka delta ya Rufiji mpaka huko anakotaga ni zaidi ya kilomita 2,000, na anazisafiri kwa mafuta aliyojiwekea mtoni. Akitaga, amemaliza.

Sasa ziweke kuta mbele ya safari hizo. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, kikafikia megawati 204 mwaka 1980. Mtera ilijengwa iwe ghala la maji ya Kidatu, na mwaka 1988 ikaongezewa mitambo yake ya megawati 80. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024. Ukuta wake una kimo cha mita 131. Ni kazi kubwa ya taifa na hatuna ugomvi nayo. Lakini mlango wa Rufiji, ambao ndio mlango wa Ruaha, wa Kilombero na wa Luwegu, sasa una komeo moja kubwa, na kila mkunga wa bonde lote la juu anapita hapo au hapiti kabisa.

Hesabu ya Kidatu inatosha kutufundisha. Ukuta ule una nusu karne. Mikunga waliokuwa juu yake wakati unajengwa walishaondoka au kufa. Mkunga anayepatikana leo kwenye maji ya Ruaha Mbuyuni ni yule aliyeupanda alipokuwa kifaranga, au aliyepandishwa na mtu. Ukuta ukiwa mkavu, au maji yakishuka kwa kasi kupita nguvu yake, kifaranga hakati tamaa. Hukaa chini ya ukuta na wenzake wakirundikana. Pale ndipo kambale, ndege na mwenye chandarua humkuta. Mzazi anayeshuka naye ana tatizo lake. Maji mengi yanakwenda kwenye mitambo, naye hufuata maji. Kwa urefu wa mwili wake, panga la mtambo humpata kwa urahisi kuliko linavyompata samaki mfupi.

Ruaha Mbuyuni ina nafuu moja ambayo wa juu hawana: maji. Mtera huachia maji ya kuendeshea Kidatu, kwa hiyo mto pale huendelea kutiririka kiangazi na pampu za wakulima wa vitunguu zinapata kitu cha kuvuta. Ila maji hayo hufuata mahitaji ya umeme, hayafuati mvua. Mkunga aliyeiva anasubiri mto ufure usiku. Mto unaofura kwa ratiba ya mitambo unampa ishara isiyoeleweka au haumpi kabisa. Ndiyo maana mito midogo inayoingia Ruaha maeneo hayo, kama Lukosi unaoshuka kutoka milima ya Kilolo na kupita Mtandika, ina thamani kubwa kuliko upana wake. Bado inashuka na mafuriko yake yenyewe. Bado ina mawe, mizizi na maji baridi. Ukiharibu Lukosi kwa kulima mpaka kwenye ukingo, umeondoa makazi yaliyobaki, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshasema shughuli za kibinadamu ziwe mita 60 kutoka mtoni.

Juu ya Mtera hali ni mbaya zaidi, na wasomaji wa Mbeya na Iringa wanaijua. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa mara ya kwanza kwa kumbukumbu za watu wa hifadhi, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa kawaida. Maji ya Usangu yanagawanywa kwa mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga, kwa mifereji isiyo na idadi, kwa mifugo na kwa kinamasi cha Ihefu. Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mjini London kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika ukapita, na mto ukaendelea kukauka. Katika madimbwi yanayobaki, samaki wote hukusanyika mahali pamoja, na hapo mtu mmoja mwenye utupa au sumu ya dukani anaweza kumaliza kwa asubuhi moja kilichochukua miaka kumi na mitano kukua.

Turudi kwenye usimamizi, maana hapo ndipo mkunga anapotuonyesha kwamba zana tulizozizoea hazimtoshi.

Zana ya kwanza tunayoipenda ni kipimo cha urefu. Sangara wa Ziwa Victoria aliwekewa kipimo cha sentimita 50 hadi 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe atage. Busara hiyo inafanya kazi kwa sababu sangara mkubwa anataga tena na tena. Mkunga mkubwa hajataga hata mara moja. Ukimwekea kipimo cha chini, umemhifadhi mdogo leo ili umvue kesho akiwa ndiyo kwanza anajiandaa kusafiri. Kipimo cha juu kinasaidia zaidi, kwa kuwa kinamwachia mzazi aliyekaribia kuondoka, ila nacho hakina maana kama mzazi huyo anakwenda kufia kwenye mtambo.

Zana ya pili ni kufunga uvuvi kwa msimu. Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024. Kwenye pweza, ambaye naye hutaga mara moja na kufa, vijiji vya visiwani vimeona faida ya kufunga miamba kwa miezi kadhaa. Kwa mkunga, msimu unaofaa kufungwa ni ule wa mto kufura, wazazi wanaposhuka. Migono inayotegwa kuziba mkondo mzima usiku wa mafuriko iondolewe. Hili wavuvi wa kijiji wanaweza kulisimamia wenyewe, kwa sheria ndogo na kwa vikundi vyao vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, bila kusubiri doria kutoka wilayani. Lakini mvuvi wa Ruaha Mbuyuni atauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi naondoa mgono wangu ili samaki akasagwe Kidatu?

Hapo ndipo zana ya tatu inapohitajika, nayo ni kuweka lengo la wanaofika baharini. Umoja wa Ulaya ulilazimika kufika huko baada ya mkunga wake kuporomoka. Kanuni yake ya mwaka 2007 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba angalau asilimia 40 ya uzito wa mikunga waliokomaa, ukilinganisha na ambao ungekuwepo bila athari za binadamu, inafika baharini. Lengo hilo halimgusi mvuvi peke yake. Linamgusa mwenye bwawa, mwenye pampu na anayechafua maji. Ulaya ilichelewa, mkunga wake leo yuko kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na sheria nzuri haijamrudisha. Somo kwetu ni kutangulia, wakati samaki bado yupo.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Mashamba ya mikunga ya Asia hayazalishi vifaranga vyake yenyewe kwa kiwango cha biashara. Kila mkunga anayekuzwa bwawani kwa ajili ya meza za Japani na kwingineko alichotwa akiwa kifaranga cha kioo kwenye mdomo wa mto fulani. Kwa mkunga wa Ulaya, kilo moja ya vifaranga hivyo ni karibu samaki 3,000. Biashara ya mkunga wa Ulaya ilipowekwa chini ya mkataba wa CITES mwaka 2009 na Umoja wa Ulaya ukazuia kumpeleka nje ya mipaka yake tangu 2010, wanunuzi hawakufunga maduka. Waligeukia aina nyingine na mito mingine, na magendo yakashamiri. Ufilipino ilijikuta ikipiga marufuku usafirishaji wa vifaranga mwaka 2012. Aina zetu nne ni ndugu wa hao wanaotafutwa.

Asiseme mtu kwamba mkunga haliwi sana hapa na kwa hiyo hana soko. Majongoo bahari hayakuwa kitoweo cha mtu yeyote pwani yetu, na bado yalichotwa kwa ajili ya soko la Asia mpaka Tanzania Bara ikapiga marufuku mwaka 2003. Soko halihitaji mlaji wa hapa. Linahitaji mnunuzi mmoja mwenye jokofu na vijana wenye taa na vyandarua kwenye mdomo wa Rufiji. Kijana anayeuza kilo ya vifaranga atapata fedha ya wiki. Nchi itakuwa imepoteza maelfu ya samaki kabla hawajaingia mtoni.

Tunajua hoja itakayotujia kwanza. Nchi inahitaji umeme, na hakuna serikali itakayozima mitambo kwa ajili ya samaki anayefanana na nyoka. Hatuombi hivyo. Tunakumbusha tu kwamba tulishapita njia hii, tena si mbali na Kilolo. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi wa umeme unajengwa. Maporomoko yalipopunguziwa maji, manyunyu aliyoyategemea yalikwisha. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa, mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa bondeni, mwaka 2009 chura akatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 tukaanza kumrudisha. Wengi walicheka bungeni na vijiweni. Lakini kituo cha Kihansi hakikuacha kuzalisha umeme, na mabomba yale yamebaki ushahidi kwamba umeme na kiumbe vinaweza kugawana maji. Kilichotugharimu ni kuchelewa. Chura yule tulimjua mradi ukiwa njiani. Mkunga tunamjua leo.

Na anachohitaji hakigharimu kama mabomba ya Kihansi. Ngazi ya vifaranga vya mkunga ni mfereji mwembamba uliolazwa kwa mshazari kwenye ukuta, sakafu yake ikiwa na brashi au kokoto, na maji kidogo yakichuruzika juu yake. Kifaranga hupanda mwenyewe usiku. Ukuta ukiwa mrefu mno, ngazi huishia kwenye tangi, na asubuhi mtu hupakia ndoo kwenye gari na kuwamwaga juu ya bwawa. New Zealand inafanya hivyo kwenye mabwawa yake ya umeme tangu miaka ya 1990. Katika bwawa la Karapiro pekee hupandishwa vifaranga kwa mamia ya maelfu, na msimu mzuri kwa mamilioni. Kuwashusha wazazi ndiko kugumu zaidi. Njia ni kuweka nondo zilizokaribiana kwenye mdomo wa maji ya mitambo, au kuwanasa juu ya bwawa na kuwabeba mpaka chini, au kupitisha maji kwenye mlango wa mafuriko kwa usiku chache za mvua kubwa. Katika mwaka wa mvua nyingi milango hiyo hufunguliwa hata hivyo. Kinachotakiwa ni kuifungua ukijua nani anasubiri.

Tunapendekeza mambo matano, na kila moja tunamtajia mwenye nalo.

Kwanza, Wizara ya Mifugo na Uvuvi itoe kanuni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inayozuia kuvua na kusafirisha nje vifaranga vya mkunga, mpaka kuwe na mpango wa usimamizi uliojadiliwa na wavuvi wa Rufiji, Kilombero na Ruaha. Ni rahisi kufunga soko ambalo halijafunguliwa. Likishafunguliwa, litakuwa na wenyewe na watakuwa na mawakili.

Pili, taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ianze kuhesabu mahali pawili: kwenye mdomo wa Rufiji, ambako vifaranga huingia, na chini ya ukuta wa Kidatu, ambako husimama. Kazi hiyo inahitaji taa, wavu mdogo, daftari na mtu wa kukesha msimu mzima. Vyuo vikuu vya Sokoine na Dar es Salaam vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Hii hapa mada, na iko kando ya barabara kuu.

Tatu, TANESCO ijenge ngazi moja ya majaribio Kidatu. Moja tu, kisha watu waone idadi. Bwawa la Julius Nyerere lipangiwe utaratibu wa kunasa na kubeba, kwa sababu ukuta wa mita 131 hauombwi kupandwa na kifaranga. Gharama yake ikilinganishwa na ya mradi wenyewe haitaonekana kwenye vitabu.

Nne, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, iutumie uwezo iliopewa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo inatambua kwamba mazingira nayo yana fungu lake la maji. Vibali vya Usangu vikaguliwe kiangazi, si masika. Uachiaji wa maji Mtera upangwe kwa pamoja na TANESCO ili mwanzo wa mvua uwepo usiku wa mto kufura kweli. Na vibali vya pampu viambatane na sharti la chujio kwenye mdomo wa mpira, maana pampu ya bustani haichagui kati ya maji na kifaranga.

Tano, Halmashauri ya Kilolo na vijiji vya kando ya Ruaha na Lukosi viandike sheria ndogo fupi: hakuna utupa wala sumu, hakuna chandarua, hakuna mgono unaoziba mkondo mzima mto ukifura. Mvuvi abaki na ndoana zake na migono yake siku nyingine. Mkunga wa kitoweo anayeliwa kijijini hajawahi kuwa tatizo la mto huu, na tusimfanye mvuvi mdogo abebe lawama za kuta za zege.

Wapo watakaosema mambo haya yanagusa ofisi nyingi mno: uvuvi, maji, nishati, maliasili, mazingira, na halmashauri juu yake. Ni kweli, na ndiyo kasoro yenyewe. Sangara ana ziwa lake na wizara yake. Mkunga mmoja, katika maisha yake, anapita chini ya mamlaka ya wote hao na bado hana anayemwandika kwenye daftari. Kila ofisi ikisubiri nyingine ianze, samaki ataisha na hakuna atakayeulizwa.

Ofisi ya kuanza ni ile yenye uwezo wa kuziita nyingine mezani, nayo ni Bodi ya Maji. Iwaite TANESCO, TAFIRI na wavuvi wa Ruaha Mbuyuni kwenye kikao kimoja kabla mvua hazijaanza. Ajenda iwe moja: msimu huu, vifaranga wangapi watavushwa Kidatu, na nani atawahesabu. Kikao kikitoka na jina la mtu na tarehe ya kuanza, tutaandika kuwapongeza. Kikitoka na kamati ya kuunda kamati, tutaandika pia.